Daktari Victor Bonney: Mpasuaji Aliyetetea Vizazi vya Wanawake

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, katika ukurasa huu tumezoea kuwasimulia habari za watu mashuhuri walioiacha dunia ikiwa bora kuliko walivyoikuta. Mara nyingi watu hao huwa majemadari, wafalme au wasafiri. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuongoza kikosi wala hakuteka mji. Silaha yake ilikuwa kisu kidogo cha kupasulia, na uwanja wake wa mapambano ulikuwa meza ya hospitali. Adui aliyepigana naye anakaa hata katika nyumba zetu wenyewe, katika miili ya mama zetu, dada zetu na wake zetu, na hata katika miili ya wanawake wanaovaa sare na kusimama katika gwaride pamoja nasi. Adui huyo ni uvimbe wa kizazi, ambao madaktari huuita faibroidi.

Huenda msomaji akajiuliza habari hizi za wanawake zinamhusu nini askari mwanamume. Jibu letu ni fupi. Mwanamke anayevuja damu mwezi hata mwezi, anayeamka mara sita usiku kwenda msalani, au anayeambiwa kuwa hatazaa kamwe, hateseki peke yake. Nyumba nzima huteseka naye, na askari aliye lindoni hawezi kutulia ikiwa nyumbani hakuna utulivu. Tena mara nyingi mume ndiye anayetoa ruhusa, nauli na fedha za matibabu. Mume asiyejua huchelewesha, na ucheleweshaji katika maradhi haya una gharama yake.

KUZALIWA NA MASOMO

William Francis Victor Bonney alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1872 katika mtaa wa Chelsea, jijini London, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari, na kijana naye akaifuata njia hiyo hiyo. Alipata mafunzo yake makubwa katika Hospitali ya Middlesex, mojawapo ya hospitali kongwe za jiji hilo, akahitimu udaktari mwaka 1896. Miaka michache baadaye alipata shahada za juu za upasuaji, na ilipofika mwaka 1908 alikuwa amekwisha kuwekwa miongoni mwa madaktari wapasuaji wa maradhi ya wanawake katika hospitali ile ile iliyomfundisha. Alifanya kazi pia katika hospitali ya wanawake ya Chelsea.

Yafaa tukumbuke hali ya upasuaji ilivyokuwa katika siku zile. Nusukaputi ilikuwapo, na madaktari walikwisha kujifunza kuosha mikono na kuchemsha vyombo. Lakini makundi ya damu ndiyo kwanza yalikuwa yamegunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, na kumwongezea mgonjwa damu hakukuwa jambo la kawaida. Penisilini ilikuwa haijafikiriwa, na dawa za salfa zilikuwa bado miaka mingi mbele. Mpasuaji aliyefungua tumbo la mtu alijua kwamba damu ikimshinda hana akiba ya kurudisha, na vijidudu vikiingia hana dawa ya kuvifukuza. Kwa hiyo wapasuaji wengi walipenda njia iliyo fupi na ya salama, hata kama njia hiyo ilimwacha mgonjwa na pengo la maisha.

HUZUNI ILIYOGEUKA KUWA KAZI

Mwaka 1905 Bonney alimwoa Bibi Annie Appleyard, binti wa daktari mmoja wa kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia. Mapema katika ndoa yao Bibi Annie alipatwa na maradhi ya kutokwa damu nyingi kwa sababu ya uvimbe wa kizazi. Tiba iliyotumika ilikuwa ile iliyozoeleka siku zile, nayo ni kuondoa kizazi chote. Bibi Annie akapona damu, lakini mlango wa kupata mtoto ukafungwa. Wawili hao waliishi pamoja mpaka uzeeni bila ya kupata mtoto.

Sisi katika nchi zetu tunajua vizuri uzito wa jambo hilo. Wapo wanaume ambao kwa habari kama hiyo wangemrudisha mke kwao, au wangeleta mwingine na kumfanya wa kwanza kuwa kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Bonney hakufanya hivyo. Aliishi na mkewe, na ile huzuni akaiingiza katika kazi. Swali lililomkaa moyoni ni hili: ikiwa uvimbe ndio wenye kosa, kwa nini kizazi kiadhibiwe pamoja nao?

UVIMBE HUU NI KITU GANI?

Kabla hatujaendelea na habari za maisha yake, inafaa tueleze maradhi yenyewe. Kizazi cha mwanamke asiye mjamzito ni kiungo kidogo, ukubwa wake ni kama wa ngumi ya mtoto. Kuta zake ni misuli minene. Ndani ya misuli hiyo baadhi ya chembe huanza kukua kuliko kawaida na kujiviringisha, zikafanya donge gumu la mviringo. Donge laweza kuwa dogo kama punje ya mahindi, au kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Laweza kuwa moja, na yaweza kuwa makumi. Homoni za mwanamke ndizo zinazoulisha uvimbe huu, kwa hiyo huonekana katika umri wa kuzaa na kwa kawaida husinyaa baada ya hedhi kukoma.

Jambo la kutia moyo ni kwamba uvimbe huu si kansa, na ni nadra sana kukuta kansa ndani ya donge linalodhaniwa kuwa faibroidi. Jambo la kutia wasiwasi ni wingi wake. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, wanawake wapatao 7 kati ya 10 miongoni mwa Wazungu, na zaidi ya 8 kati ya 10 miongoni mwa wenye asili ya Afrika, walikuwa nao. Wenye asili ya Afrika huupata mapema zaidi. Wengi katika hao hawasikii maumivu yo yote na hawahitaji kutibiwa. Lakini wengine hutokwa damu nyingi siku za hedhi mpaka wakapungukiwa damu mwilini, wengine hupata taabu ya kushika mimba au mimba kuharibika, na wengine hupata taabu ya mkojo. Taabu hii ya mwisho haizungumzwi sana, na ndiyo tunayotaka kuikazia leo.

JIRANI ANAYEBANWA

Kibofu cha mkojo na kizazi ni majirani wa ukuta mmoja. Kibofu kiko mbele, nyuma ya mfupa wa kinena, na kizazi kimeegemea juu yake na nyuma yake. Kibofu cha mtu mzima hubeba kwa kawaida karibu nusu lita ya mkojo. Kizazi kinapokuwa na uvimbe, hasa uvimbe ulio katika ukuta wa mbele, kibofu hunyimwa nafasi ya kutanuka. Ni kama chumba cha askari kilichojengwa kwa vitanda vinne, kisha yakaletwa masanduku na kujazwa humo. Chumba ni kile kile, lakini nafasi haipo. Kwa hiyo kibofu hudai kwenda kumwagwa kikiwa na mkojo kidogo tu. Mwanamke huenda msalani mara kwa mara mchana, huamshwa usiku mara nyingi, na wakati mwingine haja humjia ghafula hata asiweze kungoja.

Hayo ni madogo. Yako makubwa zaidi. Uvimbe uliokua nyuma au chini ya kizazi waweza kunasa ndani ya mifupa ya nyonga kama jiwe lililoziba mlango wa bomba. Uvimbe huo huusukuma mlango wa kizazi mbele na juu, ukaigandamiza shingo ya kibofu na mrija wa kutolea mkojo. Mwanamke huamka akitaka kukojoa, mkojo ukakataa. Tumbo la chini hujaa na kuuma vikali. Hali hiyo huweza kutokea karibu na siku za hedhi, wakati kizazi kimejaa damu, au katika miezi ya mwanzo ya mimba. Mgonjwa wa namna hii ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile, akawekewe mpira wa mkojo.

Tena kuna hila moja ya maradhi haya ambayo hupotosha watu. Kibofu kilichojaa kupita kiasi huanza kuvuja tone moja moja. Watu wakiona nguo imelowa husema huyu hawezi kuzuia mkojo, kumbe kweli yake ni kinyume: mkojo umeziba, na kinachotoka ni kile kinachofurika. Na mkojo unaokaa bila kutoka wote huzaa vijidudu, ukaleta homa na maumivu ya kuchoma wakati wa kukojoa.

Mwisho kuna mirija miwili membamba inayoleta mkojo kutoka figo mpaka kibofu. Mirija hiyo hupita kando ya kizazi, kulia na kushoto. Uvimbe mkubwa waweza kuibana pole pole, figo zikavimba kwa mkojo uliokosa njia. Hapa hakuna kelele wala maumivu makali kila mara. Figo huweza kudhoofika kimya kimya, kama ghala linaloibwa usiku na mlinzi asijue mpaka siku ya kuhesabu mali.

KISU KINACHOCHAGUA

Sasa turudi kwa Bonney. Si yeye aliyevumbua upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi. Huko Marekani, madaktari wa ukoo wa Atlee walikwisha kulijaribu jambo hilo mwaka 1844, na mwishoni mwa karne hiyo William Alexander wa Liverpool, Uingereza, alionyesha kwamba hata vimbe vingi vyaweza kutolewa kwa mara moja. Lakini wapasuaji wengi waliiogopa njia hiyo kwa sababu ya damu. Kizazi hupata damu kwa mishipa mikubwa, na ukikata donge ndani ya misuli yake damu hububujika. Kuondoa kizazi chote kulikuwa rahisi zaidi, kwa maana mpasuaji hufunga mishipa michache mikuu, hukata, na kazi ikaisha. Kubomoa siku zote ni rahisi kuliko kutengeneza.

Bonney alilishughulikia tatizo la damu kama fundi anavyoshughulikia bomba linalovuja. Kwanza funga maji, kisha tengeneza. Alibuni koleo maalumu, ambalo mpaka leo hujulikana kwa jina lake, la kubana sehemu ya chini ya kizazi pamoja na mishipa ya damu inayopita hapo. Koleo likishikwa, damu hupungua, na mpasuaji hupata nafasi ya kuona anachokifanya. Baada ya hapo alichagua mahali pa kukata ili kwa tundu moja aweze kutoa madonge mengi, akayang'oa moja baada ya jingine kama mtu anayetoa kokwa katika tunda, kisha akayashona mapango yaliyobaki tabaka kwa tabaka mpaka kizazi kikarudia umbo lake. Kwa uvimbe mkubwa ulioota nyuma ya kizazi alibuni njia ya kukifunika kidonda kwa ngozi ya kizazi chenyewe, kama kofia, na kuishonea upande wa mbele, ili matumbo yasije yakashikana na kovu.

Katika maisha yake alifanya upasuaji wa namna hiyo kwa wanawake zaidi ya 700. Waliokufa walikuwa karibu 1 katika kila 100, na hesabu hiyo, kwa zama zisizokuwa na penisilini, ilikuwa ni ushindi mkubwa. Safari moja alitoa madonge zaidi ya 200 katika kizazi kimoja, na kizazi kikabaki mahali pake. Mwaka 1946, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, alitoa kitabu kizima juu ya njia hiyo, akieleza kila hatua mpaka mambo madogo madogo, ili ujuzi usizikwe pamoja naye.

Hakuamini kwamba mwanamke ni kizazi tu. Aliamini kwamba kazi ya mpasuaji ni kurudisha kiungo katika kazi yake kila inapowezekana, na kwamba kumwondolea mwanamke kijana kizazi kwa ajili ya donge lisilo la kansa ni kushindwa kwa mpasuaji, hata kama mgonjwa ametoka hospitali akiwa hai. Maneno hayo yalikuwa mazito kwa wenzake, maana yaliwataka wajifunze upya.

DAWA YA RANGI NA ASKARI MAJERUHI

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoanza mwaka 1914 na kumalizika 1918, iliwachota madaktari wa kila namna. Bonney, ingawa alikuwa mpasuaji wa wanawake, aliingia katika kazi ya kuwapasua askari majeruhi. Hapo ndipo jina lake linapowagusa ninyi wasomaji wetu moja kwa moja.

Majeraha ya vita hivyo yalikuwa yamejaa udongo wa mahandaki, vipande vya nguo na vijidudu vya kila aina. Askari wengi walionusurika na risasi waliuawa na usaha. Bonney alishirikiana na Carl Browning, mtaalamu wa vijidudu, wakachanganya rangi mbili, ya zambarau na ya kijani kibichi, wakapata dawa yenye rangi ya buluu nzito iliyoua vijidudu juu ya ngozi. Walitangaza habari zake mwaka 1918. Dawa hiyo iliitwa buluu ya Bonney, na kwa miaka mingi baadaye wapasuaji waliipaka juu ya ngozi ya mgonjwa na ndani ya njia ya uzazi kabla ya kushika kisu. Wazee waliopata kupakwa dawa ya zambarau juu ya vidonda wataielewa habari hii bila maelezo, kwa kuwa ile dawa ya zambarau ni ndugu wa mchanganyiko huu.

MWANAMKE ANAYEKOHOA

Mwaka 1923 Bonney aliandika makala juu ya wanawake wanaoshindwa kuzuia mkojo mchana wanapokohoa, wanapocheka au wanapoinua mzigo. Maradhi haya yalikuwapo tangu zamani, lakini wengi waliyaona kuwa aibu ya mtu binafsi. Bonney aliyatazama kama fundi. Alieleza kwamba shida iko katika nyama zinazoishikilia shingo ya kibofu, ambazo hulegea, mara nyingi baada ya kuzaa. Aliinua shingo ya kibofu kwa vidole viwili kupitia njia ya uzazi na kumwamuru mgonjwa akohoe. Mkojo usipotoka, alisema hapo ndipo penye ulegevu, na huyo atafaidika na upasuaji wa kuzikaza na kuzishona nyama hizo.

Kipimo hicho kilifundishwa kwa vizazi vingi vya madaktari. Haki inatutaka tueleze kwamba hakikudumu chote. Katika miaka ya 1980 wachunguzi walionyesha kwamba vidole vya daktari huweza kuuziba mrija wenyewe, kwa hiyo kipimo kile hakiwezi kutegemewa kuchagua nani apasuliwe. Lakini lile wazo kuu, kwamba mwanamke anayevuja mkojo ni mgonjwa wa kutazamwa na kusaidiwa, si mtu wa kuchekwa, limebaki.

Na hapa tunapenda kutofautisha, ili msomaji asichanganye. Mkojo unaoponyoka kwa kukohoa mara nyingi ni wa nyama zilizolegea. Haja ya mara kwa mara pamoja na uzito chini ya kitovu na hedhi nyingi yaweza kuwa ni uvimbe wa kizazi. Mkojo unaotoka mfululizo mchana na usiku baada ya uchungu wa kuzaa uliochelewa mno waweza kuwa ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Haja ya mara kwa mara pamoja na kiu kubwa yaweza kuwa ni kisukari. Kila moja ina tiba yake, na anayeweza kupambanua ni daktari, si jirani.

UBISHI NA HESHIMA

Bonney hakuwa mtu laini. Mwaka 1911 yeye na Comyns Berkeley, mkubwa wake wa kazi, walitoa kitabu cha upasuaji wa wanawake ambacho michoro yake aliichora Bonney kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu hicho kimetengenezwa upya mara nyingi, na hata katika karne hii ya 21 kimeendelea kutolewa kwa jina lake. Aliendesha pia upasuaji mkubwa wa kansa ya mlango wa kizazi, ambao wengi waliukwepa kwa hatari yake, akaufanya kwa wagonjwa wapatao 500. Wengine walikufa, naye hakuzificha hesabu zao. Lakini wengi waliokuwa wamehesabiwa kuwa maiti walirudi nyumbani kwao.

Mwaka 1926 alichaguliwa katika Baraza la Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, madaktari wa wanawake wa nchi hiyo waliunda chuo chao wenyewe. Bonney alikataa kujiunga. Hoja yake ilikuwa kwamba tiba ya maradhi ya wanawake ni tawi la upasuaji, na likikatwa katika shina litakauka. Katika hilo wengi hawakumfuata, na chuo kile kilistawi. Hata hivyo wale aliobishana nao hawakumsahau. Baadaye chuo hicho kilimpa heshima ya uanachama bila ya yeye kuomba. Twaona hapo kwamba watu wawili waweza kutofautiana kwa nguvu juu ya njia, na bado wakaheshimiana kwa kazi.

Alistaafu Middlesex mwaka 1937. Nje ya hospitali alipenda sana kuvua samaki mitoni kwa ndoano, kazi ambayo nayo hutaka mkono mwepesi na subira. Alifariki dunia mwezi wa Julai mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 80.

HALI ILIVYO SIKU HIZI

Tangu kufa kwake mambo yamesonga mbele. Kipimo cha altrasaundi huonyesha uvimbe bila ya kupasua. Zipo dawa za kupunguza damu, na zipo dawa za homoni za kuusinyaza uvimbe kwa muda. Tangu mwaka 1995, madaktari wa Ufaransa walipotangaza matokeo yao, ipo njia ya kuziba mishipa inayoulisha uvimbe kwa chembe ndogo ndogo zinazopitishwa katika mshipa wa damu. Baadhi ya vimbe hutolewa kwa vifaa vyembamba bila kulifungua tumbo lote. Na kuutoa uvimbe na kuacha kizazi, ile kazi ambayo Bonney aliipigania, sasa ni upasuaji unaofundishwa kila mahali.

Lakini tusidanganyane. Uvimbe uliotolewa waweza kuota tena mahali pengine katika kizazi hicho hicho. Kwa mwanamke aliyekwisha kupata watoto anaowataka, na ambaye damu inammaliza, kuondoa kizazi huenda ikawa ndiyo tiba bora, na Bonney mwenyewe alipasua kwa njia hiyo ilipobidi. Na yule ambaye uvimbe wake ni mdogo na haumsumbui huweza kuachwa, akatazamwa kila baada ya muda. Jambo la msingi ni kwamba mgonjwa aelezwe njia zote, naye aulizwe anataka nini, kabla ya kisu kushikwa.

LA KUFANYA NYUMBANI NA KAMBINI

Ndugu askari, tunamaliza kwa mambo machache ya vitendo. Mkeo akipata hedhi inayozidi siku saba, au inayomlazimu kubadili kitambaa kila saa, mpeleke akapimwe damu na kizazi. Akienda msalani mara nyingi usiku, usimwambie kwamba ni mvivu wa kulala. Mwulize kama anasikia uzito au uvimbe tumboni. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, hilo si la kungoja mpaka asubuhi. Tumbo likikua na mimba haipo, usimtuhumu wala usikimbilie kwa mpiga ramli. Ninyi mlio wakubwa wa vikosi, mwanamke aliye chini ya amri yenu akiomba ruhusa ya kutoka lindoni kwenda msalani mara kwa mara, msimwone mtoro. Mpeni nafasi ya kumwona mganga wa kambi, na siri yake ilindwe.

Na mkifika hospitali, ulizeni. Ulizeni uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, unabana kibofu au figo, na kama waweza kutolewa kizazi kikabaki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mwenye kuficha maradhi kilio humfichua. Bonney alipopatwa na msiba nyumbani kwake hakuwa na la kumrudishia mkewe. Alichoweza ni kuhakikisha kwamba wake wa wenzake hawatapoteza kile ambacho wa kwake alikipoteza, na mamia ya wanawake walitoka mikononi mwake wakiwa na vizazi vyao.